Aliyedaka Akarudi

Nina kitendawili, na ninyi mseme tega. Nina mgeni: ukimkimbia anakupiga, ukimkumbatia ananyamaza.

Msiumize vichwa, jibu nalitoa mwenyewe. Ni mpira. Vitendawili vingine nilivipata kwa mama yangu, lakini hiki nimekitunga mimi, mwaka huu mwezi wa sita, nikiwa nimekalia ndoo pembeni ya kiwanja cha chuo hapa Mpemba. Barabarani malori yalikuwa yamepanga foleni kwenda mpakani, na vumbi lao lote lilikuwa linahamia kwenye kitenge changu. Ngoja nieleze nilifikaje pale, maana bibi wa miaka sitini na sita kukaa kwenye ndoo kutazama mpira si jambo la kila siku.

Mjukuu wangu Rozi anasoma ualimu chuoni hapo na anaishi kwangu. Mwaka jana alikuja mwalimu mpya wa michezo, Mwalimu Amoni, kijana wa Ileje aliyekaa Marekani mwaka mmoja kwa masomo. Alirudi na mpira wa ajabu. Umechongoka pande zote mbili kama papai changa. Huupigi teke, unaurusha kwa mkono. Wanaocheza ni wasichana saba kwa saba, na kila mmoja amening'iniza vitambaa viwili kiunoni. Ukiwa na mpira, adui akikunyofoa kitambaa, umekamatwa, mchezo unasimama hapo. Ukivuka mstari wa mwisho na vitambaa vyako, mmepata. Wenyewe huko walikoutoa wanagongana na kuangushana mpaka chini, lakini Mwalimu Amoni alisema hataki kesi na wazazi, vitambaa vinatosha.

Kila mchezo unaanzia kwa mtu mmoja. Yeye ndiye anayepewa mpira kwanza, na yeye ndiye anaamua: aurushe kwa mwenzake aliyekimbilia mbele, au akimbie nao. Wanamwita kwotabeki. Wa chuo chetu alikuwa Rozi.

Siku moja asubuhi nilikuwa kibarazani nachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu Amoni akaingia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Rozi ametoka."

"Najua, Bibi. Nimekuja kwako. Nataka unisaidie kuongea na mjukuu wako. Mimi ananisikiliza kwa masikio tu."

Nikacheka. "Na wewe ulitaka akusikilize kwa nini, kwa pua?"

Naye akacheka, lakini hakuwa amekuja kucheka. Akavuta kigoda karibu na ungo wangu, akaomba ruhusa, akachagua maharage saba ya njano na saba mekundu. Akayapanga, safu mbili zikitazamana.

"Hili la njano la nyuma ndiye Rozi. Zamani, Bibi, makocha wa vyuo vya kule walitaka huyu mtu asimame kama nguzo. Wenzake wanamzungushia ukuta, yeye anarusha. Siku hizi wanamtafuta mwenye miguu. Sasa tazama kwa nini." Akalisogeza harage la Rozi pembeni kabisa. Maharage mawili mekundu akayapeleka kulifuata. "Wameogopa atakimbia, wamemfuata wawili. Huku mbele hesabu imekuwaje?"

Nikainamia ungo. "Kuna wa njano amebaki peke yake."

"Eeh! Hapo ndipo mpira unatakiwa kwenda. Miguu ya Rozi ni chambo. Zipo siku mimi mwenyewe nitamwambia kimbia, ili kesho yake waamini. Lakini yeye anakimbia kila siku. Anawavuta wale wawili vizuri, mpaka nasimama kwenye benchi, halafu harushi! Mara mbili anapita, mara ya tatu wanamnyofoa kitambaa. Anataka kucheza peke yake, Bibi."

"Rozi huyu?" nikamwambia. "Huyu hata ndizi moja anaigawa."

"Basi kiwanjani kuna Rozi mwingine." Akayachanganya tena maharage yangu. "Jumamosi wanakuja wasichana wa chuo cha ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Baada ya mechi naandika majina ya kwenda Dodoma kwenye mashindano ya vyuo. Nisipoona mpira ukitoka mkononi mwake kwenda kwa aliyebaki peke yake, nampa Restuta nafasi. Restuta hana mbio, lakini anarusha. Nimeona nikwambie wewe kwanza, ili mtoto asije akaumia kwa kushtukizwa."

Nilimshukuru kwa heshima hiyo. Wengi hawaji kusema.

Rozi alikuwa ameshaniambia habari za Dodoma. Alikuwa ameshaazima hata begi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshawatangazia wanawake wote wa jumuiya yetu.

Jioni, akisonga ugali, nikamwanza. "Mke mwenzangu." Ndivyo ninavyomwita tangu akiwa mdogo, alikuwa anamgombania babu yake na mimi. "Kwa nini hurushi mpira?"

"Narusha, Bibi."

"Unarusha saa ngapi? Ninapokuwa kanisani?"

Akageuza mwiko pole pole. "Mwalimu amekuja kunisemea?"

"Amekuja na amenichafulia maharage. Jibu."

"Siwezi kusema, Bibi."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili." Akapakua. Nikamtazama mgongo wake nikajua kuna mtu anamficha humo ndani. Hata mimi nilishawahi kuwa na mgongo kama ule.

Kesho yake ndipo nilipobeba ndoo yangu nikaenda kukaa pembeni ya kiwanja.

Nilitazama kama mtu anayetazama maziwa yasimwagike jikoni. Rozi akapewa mpira. Akaenda kulia, wawili wakamfuata, kama maharage yale yale. Mbele akabaki msichana mmoja mrefu, Germana wa Mbebe, rafiki yake anayekuja kwangu kula parachichi. Rozi akainua mkono arushe. Na hapo nikaona jambo ambalo Mwalimu Amoni hakuliona, maana yeye macho yake yalikuwa kwa Rozi. Mimi nilikuwa namtazama Germana.

Germana aliinamisha shingo.

Kidogo tu, kama kuku anayepita chini ya kamba ya nguo. Mpira haujatoka hata mkononi, yeye bega limeshapinda na goti limeshaingia ndani. Rozi akaliona hilo goti. Akashusha mkono, akakimbia na mpira, akanyofolewa kitambaa.

"Rozi!" Mwalimu akapiga kelele. "Yuko peke yake yule! Peke yake!"

Rozi akainama kushika magoti.

Nikatazama tena, na tena. Hata Rozi alipofunga macho akarusha kweli mara moja, Germana aliukwepa mpira kwa ustadi mkubwa, ukapita sentimita moja kutoka sikioni. Wenzake wawili wa pembeni nao wakaukwepa, na wala haukuwa unawaendea wao. Nikaanza kucheka peke yangu kwenye ndoo, mpaka machozi. Mnajua nilicheka nini? Nilicheka rede.

Kwa ambaye hakukulia huku kwetu: rede ni mchezo wa wasichana. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wengine mko katikati. Wanawarushia, ninyi mnakwepa. Ukipigwa umekufa, unatoka. Na hapo katikati kuna chupa. Kazi yenu, huku mnakwepa, ni kuijaza mchanga. Ikijaa kabla hamjaisha, mmeshinda. Msichana wa huku anaanza rede akiwa na miaka mitano. Anajifunza jambo moja mpaka linaingia kwenye mifupa: kinachorushwa kwako ni adui, kikwepe. Sasa umchukue huyo ana miaka ishirini umwambie, binti, kinachorushwa kwako ni rafiki. Masikio yanakubali. Shingo inakataa.

Kwa hiyo Rozi hakuwa mchoyo. Alikuwa anaiona shingo ya rafiki yake, na hakutaka arushe, mwenzake aukwepe mbele za watu, aitwe mwoga, aondolewe kwenye majina ya Dodoma. Akaona afadhali lawama zimkae yeye.

Pale pale nikamkumbuka Roda, rafiki yangu wa shule, na kicheko kikaniishia.

Mwaka sabini na tatu tulikuwa darasa la saba, shule yetu ya Mbozi juu kule kwenye mibuni. Viatu hatukuwa navyo, asubuhi baridi inang'ata vidole mpaka tunasimama kwenye vinyesi vya ng'ombe vilivyo moto tupate nafuu. Lakini rede tulikuwa nayo. Mpira wetu tuliushona wenyewe kwa soksi kuukuu ya mzungu wa misheni, tukaushindilia matambara, tukaufunga kamba ya mgomba. Ukikupiga sikioni unasikia kengele za Krismasi. Mimi nilikuwa mkwepaji, Roda alikuwa mjazaji. Alikuwa anajaza chupa bila kuitazama, macho juu kwa wapigaji, miguu inacheza, mkono wenyewe unajua shingo ya chupa ilipo. Sijaona mtu mwingine wa hivyo mpaka leo.

Na kwetu rede ilikuwa na sheria moja ya ziada. Mpira ukija, ukiudaka badala ya kuukwepa, unamfufua mwenzako mmoja aliyekufa. Lakini humfufui kwa mdomo. Lazima uende mpaka pale mstarini alipokaa, umshike mkono, umrudishe mwenyewe.

Mechi ya mwisho tulicheza na shule ya jirani. Watakaoshinda wangepanda lori kwenda Mbeya mjini kwenye mashindano. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Mbeya. Tuliisha wote, mimi nikiwa wa mwisho kufa, nimepigwa hapa hapa penye sikio. Akabaki Roda na chupa. Mchanga ulikuwa umefika shingoni, vimebaki viganja viwili. Mpira ukaja. Angeweza kuukwepa, akaongeza viganja vyake, tukapanda lori. Roda akaudaka. Akaiacha chupa, akatoka mbio kuja kwangu mstarini, akanishika mkono. Tulikuwa bado hatujafika katikati, mwalimu akapiga kengele. Muda umekwisha.

Lori likaondoka na wale wengine. Tulilifukuza mpaka kwenye daraja ili tuonje tu vumbi la watu wanaokwenda Mbeya. Nikamuuliza, "Roda, kwa nini? Viganja viwili!" Akanishangaa. "Sasa Mbeya ningekaa na nani?"

Tungeshinda, timu nzima ingeenda, jamani. Lakini yeye alikuwa ameniona mimi nimekaa mstarini nimekufa, basi, kwake nilikuwa nimebaki nyuma kweli kweli. Mwaka uliofuata aliolewa Ikinga. Miaka hamsini na kitu imepita, na ile chupa yenye mchanga shingoni bado naiona ilivyosimama.

Basi, mazoezi yalipokwisha nikamwita Mwalimu Amoni pembeni. Sikumtaja Germana. Nikamwambia, "Baba, wasichana wako wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Nipe nusu saa kesho, chupa ya maji tupu na soksi kuukuu."

Akanitazama. "Soksi, Bibi?"

"Iwe imefuliwa."

Kesho yake nikawapanga. Wakajua mara moja ni rede, wakapiga vigelegele kama watoto. Nikawaambia, rede yenu ni ya siku hizi, hii ni ya Mbozi ya zamani. Nikawatajia sheria ya kudaka. Mwanzo wakakwepa tu kwa mazoea. Nikamuua Germana makusudi kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nina mkono. Nikamuua Restuta. Akabaki Rozi, akadaka, akaenda akamshika Germana mkono akamrudisha. Kisha Rozi akafa, akabaki Germana. Hapo nikakitega kile kitendawili kwa sauti: "Nina mgeni! Ukimkimbia anakupiga, ukimkumbatia ananyamaza!" Na nikaurusha mpira.

Goti likaingia ndani. Shingo ikashuka. Halafu akamwona Rozi amekaa mstarini amekufa, akainua mikono yote miwili akaukumbatia mpira kifuani kama mtoto mchanga.

"Mpira, Bibi!" akapiga kelele. "Jibu ni mpira!"

Tulicheza nusu saa ikawa saa nzima. Mwalimu alikuwa amesimama na filimbi mdomoni, ameisahau.

Jumamosi wakaja wa Nakonde na basi lao, wanaimba. Wasichana wana miili, wana viatu vyenye meno. Kipindi cha kwanza walituonea. Rozi alikimbia mara mbili akapata mstari mara moja, wao wakapata mara mbili. Akarusha kwa Restuta, aliyekuwa amepangwa mbele, akadaka, japo alidondosha mwingine. Kwa Germana hakurusha. Kila nikimwangalia Mwalimu, namwona ameshika karatasi yake ya majina na kalamu.

Kipindi cha pili matokeo hayakubadilika, ikabaki dakika moja. Tukivuka mstari tunasawazisha. Rozi akapewa mpira, akaenda kushoto. Hawakumfuata wawili safari hii, walimfuata watatu, maana walikuwa wameshaijua hiyo miguu. Huku mbele Germana akabaki peke yake, mbele yake hakuna mtu, kuna mstari na malori tu.

"Rusha!" Mwalimu akalia.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ndoo. Rozi anakimbia, lakini nikaona kichwa chake kiko juu. Miguu inakwepa, macho yako mbele, mkono unajua. Roda mtupu. Nikasema moyoni, sasa, mke mwenzangu, sasa. Akarusha.

Germana akaudaka! Kwa kifua, macho amefumba, lakini akaudaka. Kiwanja kizima kikaruka. Akafumbua macho, akaangalia huku na huku. Akamwona Rozi. Rozi alikuwa ameshanyofolewa kitambaa baada ya kurusha, ambapo hakihesabiwi tena, ameteleza yuko chini, amekaa kwenye vumbi kama mtu aliyekufa.

Na Germana, jamani, Germana akageuka. Mstari wa mwisho uko hatua nane nyuma ya mgongo wake, hakuna mtu, yeye akatoka mbio kurudi alikotoka, mpira kifuani, anapiga kelele, "Fufuka, Rozi! Fufuka!" Akapita katikati ya wa Nakonde wawili walioshangaa hata wasimguse. Akafika, akamshika Rozi mkono, akamwinua. Msichana wa Nakonde akaja pole pole, kama anayechuma ua, akamnyofoa kitambaa.

Filimbi. Mechi imekwisha. Tumefungwa.

Halafu mama mmoja wa ng'ambo akashika kichwa akalia kwa lugha yao, "Awe, bamayo!" yaani hapana, mama yangu, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Germana akaelewa alichofanya, akajifunika uso kwa fulana. Rozi hakumwachia mkono.

Mimi nikashuka kwenye ndoo. Nilitamani ardhi inifiche. Nilikuwa nimewafundisha rede sawasawa, nikasahau kuwaambia ipi ni rede na ipi ni mechi. Nikaenda kwa Mwalimu Amoni. "Baba, kosa ni langu. Waadhibu wote kwa kuniadhibu mimi."

Alikuwa anaandika, karatasi ameiweka kwenye paja. Wasichana wakaja wakakaa chini mbele yake, vumbi tupu. Akajisafisha koo.

"Kwotabeki," akasoma. "Rozi."

Rozi akainua uso.

"Sikusema nataka ushinde. Nilisema nataka nione mpira ukitoka mkononi mwako kwenda kwa aliyebaki peke yake. Nimeuona. Restuta, wewe ni wa akiba yake, na utacheza pia mbele." Restuta akakubali kwa kichwa. Mwalimu akageuza karatasi. "Wadakaji. Germana."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe. Umedaka mpira mgumu kuliko yote leo. Ila simama." Germana akasimama. Mwalimu akamshika mabega akamgeuza taratibu, akamwonyesha kwa kidole. "Mbele ni kule. Kwenye mchezo huu rafiki yako akiwa chini, hajafa. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Na Bibi," akasema akinigeukia, "kabla hatujaondoka kwenda Dodoma utakuja tena. Na soksi. Ila ile sheria ya kurudi nyuma tuiondoe."

"Tuiondoe," nikasema. Lakini midomo yangu ilisema hivyo, moyo haukusema.

Jioni nilimpigia Roda, kule Ikinga. Siku hizi haoni vizuri, mjukuu wake ndiye anayempokelea simu na kumwekea sikioni. Nikamtegea kitendawili changu. Akajibu kabla sijamaliza, mwizi yule, akasema kwa uzuri hakijafikia vya mama yangu. Nikamweleza mechi yote, tangu maharage mpaka hatua nane. Nilidhani atacheka. Nikamsikia anapumua tu.

"Roda, upo?"

"Nipo. Hivi, Edina, alipofika alimshika mkono?"

"Alimshika."

"Basi," akasema Roda.